Rupia moja ya Tabora, na benki iliyoahidi kuilipa

SWALI

Shikamoo mzee. Mama yangu mkubwa alifariki mwaka jana hapa Tabora. Tulipofungua kasha lake la nguo tukakuta bahasha yenye noti tatu. Ya kwanza ni karatasi ya rangi ya kahawia, maandishi ya Kijerumani, imeandikwa "Eine Rupie" na mwaka 1915. Ya pili ni shilingi ishirini yenye picha ya Malkia Elizabeth. Ya tatu ni shilingi mia ya Mwalimu akiwa bado kijana, nyuma ina Mmasai na mifugo. Kuna bwana mmoja pale sokoni anataka kunipa elfu hamsini kwa zote tatu. Anasema ya Mjerumani ndiyo yenye maana kwa kuwa ni ya kale, hizo nyingine ananisaidia tu kunipunguzia mzigo. Je, benki iliyotoa ile ya Kijerumani bado ipo, inaweza kuilipa? Na nikitaka kuendelea kukusanya, nianzie wapi?

JIBU

Marahaba, binti, na poleni sana kwa msiba.

Usimuuzie. Huyo bwana amekupangia noti zako kichwa chini miguu juu, na nashangaa kama hajui anachokifanya. Kwa macho ya wakusanyaji, hiyo rupia ya 1915 huenda ndiyo ya kawaida kuliko zote tatu. Yenye kutafutwa zaidi ni ile anayotaka kukupunguzia kama mzigo, mia ya Mwalimu yenye Mmasai. Nitakueleza sababu, ila itabidi tupitie habari za mabenki kwanza, maana bila hizo utabaki kubahatisha bei kama yeye.

Tuanze na ya Kijerumani. Iweke mezani uisome, hata kama Kijerumani hukijui, kwa msaada wangu. Juu utaona neno "Interims-Banknote", yaani noti ya muda. Maneno yanayofuata yanasema, kwa Kiswahili chetu, kwamba Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani italipa kwenye madirisha yake humu kolonini, bila kuuliza kitambulisho, kwa yeyote atakayeileta noti hii, rupia moja. Chini yake kuna mahali, "Daressalam/Tabora", na tarehe. Wahenga waliposema ahadi ni deni ni kama walikuwa wameshika noti mkononi. Sasa rudia yale maneno "humu kolonini". Yashike, tutayarudia.

Benki yenyewe, Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliundwa Berlin mwaka 1905 na mwaka huohuo ikafungua dirisha Dar es Salaam. Kabla yake fedha ya koloni ilikuwa sarafu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupiga rupia zake mwaka 1890, kila rupia pesa 64, kwa mtindo wa rupia ya Kihindi ambayo pwani yote iliijua. Mwaka 1904 serikali ikachukua kazi hiyo, pesa 64 zikaondolewa, rupia ikagawanywa katika heller 100. Hapo ndipo tulipopata neno "hela". Mjerumani ameondoka zaidi ya miaka mia iliyopita, na bado kila siku tunaulizana kama tuna heller zake mfukoni.

Noti za kwanza za benki zina tarehe ya 15 Juni 1905: rupia 5, 10, 50 na 100. Zilichapwa Leipzig kwa Giesecke & Devrient, na ni kazi ya mafundi kwelikweli. Ya rupia 5 ina simba wawili, ya 10 ina bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zina sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili. Mwaka 1912 ikaongezwa ya rupia 500, Kaizari akiwa amevaa mavazi ya jeshi la maji. Ukiona simba hao wawili kando ya karatasi yako ya kahawia hutaamini kwamba ni benki moja. Tofauti yake ni vita.

Agosti 1914 vita vikaanza, na manowari za Waingereza zikaziba bahari. Noti mpya kutoka Leipzig hazikuweza kuingia, wala sarafu. Huku ndani mahitaji ya fedha yalikuwa yanapanda: askari walipwe, wapagazi walipwe, chakula kinunuliwe vijijini. Na wananchi hawakuwa wajinga. Walipoona vita walizificha rupia za fedha, wakazifukia, wakatumia vingine. Fedha ikakauka sokoni. Basi kuanzia Machi 1915 benki ikaanza kuchapa noti humuhumu nchini, kwa mitambo ya kuchapia magazeti na karatasi yoyote iliyopatikana: za dukani, nzito za kijivu, nyingine ngumu kama gunia la juti. Ndiyo maana yako ni ya kahawia na haina simba. Serikali ilipoondoka pwani na kuhamia bara, jina la Tabora likaingia kwenye noti.

Watu wa Tabora huniuliza zaidi juu ya sarafu kuliko noti, kwa hiyo niitaje haraka: rupia 15 za dhahabu, zenye tembo, zilipigwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli pale Lulanguru kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198. Ukiletewa moja na mtu anayekwambia aliichimbua shambani kwa babu yake, mpe chai, msikilize, kisha mwambie mkaipime kwa sonara. Za kughushi ni nyingi mno.

Turudi kwenye noti. Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4, na Wabelgiji kutoka Kongo wakaingia Tabora tarehe 19. Majeshi ya Kijerumani yakakimbilia kusini, nayo benki, au kilichobaki cha jina lake, ikaenda nayo. Mwaka 1917 huko porini zilitolewa noti ambazo wakusanyaji wa Kijerumani huziita noti za msituni. Herufi zake ni za mpira, zimegongwa kwa mkono kama mihuri ya watoto kuchezea. Ni mbaya kuzitazama na mimi nazipenda kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha wazi jinsi ahadi ya benki inavyoweza kubaki vilevile kwa maneno huku nyuma yake hakuna kitu. Noti ile inaahidi kulipa dirishani. Dirisha gani? Walikuwa wanalala chini ya miti.

Sasa jibu la swali lako la kwanza. Hapana, benki haipo, na hakuna mahali pa kwenda kudai rupia yako. Ilikuahidi kulipa humu kolonini, na koloni lenyewe likatoweka. Na hiyo ndiyo sababu unaishika leo! Noti inapolipwa inarudi benki, inatobolewa, inachomwa. Isiyolipwa inabaki kwenye kasha la nguo. Zile za muda zilichapwa kwa wingi, na walioachwa nazo mikononi hawakuwa na pa kuzipeleka. Miaka mia baadaye zinajaa kwenye minada ya Ujerumani, hasa hizi za rupia moja. Mkusanyaji anayeanza anaweza kuipata bila kuuza ng'ombe. Rupia 500 ya mwaka 1912 ni habari nyingine kabisa.

Nikupe mfano wa upande wa pili, Zanzibar. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia kuanzia 1908. Ni nzuri ajabu, zina jahazi upande mmoja na wachumaji wa karafuu upande wa pili. Zilitumika hadi mwaka 1936, Zanzibar ilipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, na kila rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Watu walizipeleka, wakalipwa, zikateketezwa. Nimekusanya zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kumiliki hata moja. Nimeshika mbili tu, na zote mwenyewe alikuwa amesimama kando yangu akinitazama vidole. Kwa hiyo ukiniuliza noti gani ni adimu, nami nitakuuliza kwanza: aliyeitoa alilipa? Benki mwaminifu huacha noti chache. Iliyovunjika huacha magunia.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2019 Kenya iliziondoa noti zake za zamani za shilingi elfu moja, na ulipofika mwisho wa Septemba noti 7,386,000 zilikuwa hazijarudi. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa muda kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003. Kuna watu bado wananiletea zile elfu kumi za zamani wakidhani wamepata hazina. Nawaambia waziweke, ila wajukuu wao wasitegemee kujengea nyumba.

Noti yako ya pili, ya Malkia, ilitolewa na kitu ambacho hakikuwa benki. Baada ya vita, Desemba 1919, Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwanzo wake ulikuwa vurugu. Bei ya madini ya fedha ilikuwa imepanda duniani, rupia ikapanda nayo, walowezi wenye madeni wakalia. Rupia ikafungwa kwenye shilingi mbili za Kiingereza, mwaka 1920 zikatolewa noti za florini, fedha mpya iliyochukua nafasi ya rupia, na kabla watu hawajazizoea, shilingi ikaingia, mbili kwa florini moja. Noti za florini ziliishi muda mfupi kiasi kwamba wengi hawajui ziliwahi kuwapo. Ukikutana na moja, hata ikiwa imechakaa, nipigie kelele.

Bodi hiyo haikukopesha mtu wala kusimamia mabenki. Kazi yake ilikuwa kupokea pauni London na kutoa shilingi huku, na kinyume chake, na akiba yake ilikaa London kwenye hati za dhamana. Noti zake za shilingi ishirini za miaka ya nyuma ziliandikwa kabisa kuwa ni pauni moja, na ndiyo maana wazee wetu hadi leo wakisema pauni wanamaanisha shilingi ishirini. Yako ya Malkia haiwezi kuwa ya kabla ya 1953. Tazama kama ina tarehe iliyochapwa. Za miaka ya kwanza zina tarehe. Zilizotoka kuanzia 1958 hazina, na hizo hutenganishwa kwa saini za wajumbe wa bodi. Andika majina ya saini ulivyoyaona, hata kama huwezi kuyasoma vizuri yachore. Tofauti ya saini moja inaweza kubadilisha bei.

Toleo la mwisho la bodi ni la 1964, na Malkia hayumo. Nchi zilikuwa zimepata uhuru, basi wakaweka jahazi likielea Ziwa Victoria, na ukiinua noti kwenye mwanga unaona kichwa cha kifaru. Kwangu ni noti ya wakati wa kusubiri. Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa bado zinazungumza kama zitakuwa na benki kuu moja au kila mtu na yake. Mwaka 1965 mazungumzo yakavunjika, na 1966 zikazaliwa benki kuu tatu. Noti za bodi zilibadilishwa moja kwa moja. Ahadi ililipwa, na kwa hiyo noti kubwa za Malkia zikiwa safi hazipatikani ovyo. Za shilingi tano na kumi watu walisahau kwenye mifuko ya makoti.

Na sasa hiyo mia. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa 14 Juni 1966, gavana wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na ikatoa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, zote zina Mwalimu. Mia ya kwanza ndiyo yenye Mmasai na mifugo. Haikukaa sana, ikafuatwa na mia nyingine yenye wanyamapori. Fikiria ilikuwa na thamani gani siku zile: kwa kibarua ilikuwa sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Nani angeiweka kwenye kasha iwe kumbukumbu? Ilitumika, ikapelekwa benki, ikazeeka, ikachomwa. Mama yako mkubwa alikuwa na sababu ya kuiweka, na ningependa kuijua. Inue kwenye mwanga. Kichwa cha twiga kinapaswa kujitokeza ndani ya karatasi. Kama kipo, na noti haijachanika wala kuandikwa kwa kalamu, elfu hamsini ya huyo bwana haitoshi hata kwa hiyo peke yake.

Kabla hujafanya lolote, usizisafishe. Nakusihi kabisa. Nilipoanza nilikuwa na ile ya Ziwa Victoria ya shilingi mia, ina kunjo moja tu katikati. Nikaona ninyooshe kwa pasi ya mkaa, nikaweka kitambaa juu kama shati la sikukuu. Ikanyooka vizuri, nikajisifu. Miaka michache baadaye nikampelekea mnunuzi, akaishika pembe, akaigeuza kwenye taa mara moja tu, akaniuliza, "Umeipiga pasi?" Wino wa noti hizo umeinuka kidogo, unausikia kwa kidole. Pasi inaulaza. Akanipa theluthi ya bei, nami nikapokea kwa aibu.

Kwa hiyo hakuna pasi, hakuna sabuni, hakuna selotepu hata kama imechanika, na kuhusu laminesheni sitaki hata kusikia. Mitaa yetu ina ugonjwa wa kulaminesha kila kitu, vyeti hadi picha za harusi. Noti iliyolaminishwa imekufa. Tafuta mifuko ya plastiki ngumu isiyo na harufu, ile ya poliesta. Plastiki laini yenye harufu kali hutoa mafuta na kuila karatasi polepole. Ukikosa, bahasha nyeupe safi inatosha kwa muda. Weka mahali pakavu pasipo jua, na kwa kuwa uko Tabora, inua sanduku sakafuni, mchwa hawachagui kati ya noti na gazeti.

Ile ya Kijerumani iangalie tena kwa lenzi. Kuna herufi ya mfululizo na namba, kuna saini mbili. Katika baadhi ya matoleo zimetiwa kwa wino wa kalamu, kwa mengine zimegongwa au kuchapwa. Tarehe nayo ni muhimu, maana rupia moja ilitolewa zaidi ya mara moja kati ya 1915 na 1916, na kuna watu wanaokusanya rupia moja tu, kwa herufi, kwa karatasi, kwa makosa ya mpangaji chapa. Yako inaweza kuwa ya kawaida, inaweza pia kuwa yenye kosa. Noti za msituni ukiuziwa uwe na hofu zaidi, kwa sababu kilichotengenezwa kwa mihuri ya mpira mwaka 1917 kinaweza kutengenezwa kwa mihuri ya mpira leo asubuhi.

Ukitaka kuendelea kukusanya, ningekushauri usikusanye dunia nzima. Chukua benki moja, au mji mmoja. Wewe uko kwenye mji uliotajwa kwenye noti, bahati ambayo mkusanyaji wa Berlin hawezi kuinunua. Noti za muda zenye jina la Tabora zinapatikana, hazikufilisi, na kila moja utakayoipata utaweza kutembea kwa miguu hadi mahali ilipotumika. Nunua hali nzuri kuliko wingi: moja safi ni bora kuliko tano zilizochakaa. Na usinunue kitu ambacho huwezi kukieleza nani alikitoa na kilimalizikaje.

Kuhusu kuuza, kama ukifika hapo, piga picha pande zote mbili, mwanga wa dirishani, bila flashi, na waonyeshe watu watatu wasiofahamiana. Kwa ile mia tu ndiyo ningefikiria kuipeleka kwa kampuni za nje zinazopima noti na kuzipa alama kutoka 1 hadi 70, kwa sababu gharama ya kutuma inaweza kuimeza bei ya hizo nyingine mbili.

Jambo moja bado. Hukuniambia kama ile bahasha ina maandishi. Itazame nje na ndani, na uulize ndugu wakubwa mama mkubwa aliipata wapi rupia ya 1915 wakati huenda hata yeye alikuwa hajazaliwa. Ilikuwa ya baba yake? Alikuwa askari, mpagazi, aliuza mtama kwa jeshi? Andika majibu kwa penseli kwenye karatasi, iweke pamoja na noti, na bahasha yenyewe usiitupe.